Ngome 52 za Garha: jinsi ufalme wa Wagondi ulivyojengwa na jinsi ulivyomegwa

Simulizi nyingi za ufalme wa Garha huishia kwenye kifo cha Malkia Durgavati, tarehe 24 Juni 1564. Ni kifo kinachostahili kusimuliwa, nami nitakifikia. Lakini anayefunga kitabu hapo atakuwa amejua jinsi malkia alivyokufa, wala hatajua jinsi ufalme ulivyokufa, maana ufalme huo uliendelea kuwa na mfalme kwa miaka 217 zaidi. Kisa chote, kuanzia kupanda hadi kushuka, kinasomeka vizuri zaidi kwa kufuata hesabu moja tu: idadi ya ngome. Zilikuwa chache, zikafika 52, zikawa 42, zikawa 29, zikaisha.

Garha leo ni sehemu ya jiji la Jabalpur, katika jimbo la Madhya Pradesh, India ya kati. Waandishi wa Kiajemi wa karne ya 16 waliuita ufalme huo Garha-Katanga, kwa kuunganisha majina ya sehemu mbili zilizo jirani. (Katanga hiyo haina uhusiano na Katanga ya Kongo, majina yamefanana tu.) Mto Narmada unapita hapo ukielekea magharibi, safu ya milima ya Vindhya ikiwa kaskazini yake na ile ya Satpura kusini. Kulikuwa na misitu mikubwa ya miti ya sal na misaji, chui milia na tembo, na mabonde yenye udongo mweusi mzuri kwa ngano. Hapo ndipo kwao Wagondi, mojawapo ya makabila makubwa kabisa ya India, ambao hata leo idadi yao inapita milioni 10. Nchi yao iliitwa Gondwana, na wanajiolojia walilichukua jina hilo wakalipa bara la kale lililounganisha India, Afrika na nchi nyingine za kusini. Makaa ya mawe yanayochimbwa kusini mwa Tanzania ni ya matabaka ya enzi ya bara hilo, kwa hiyo jina la Wagondi limesafiri mbali kuliko tunavyodhani.



Garh ilikuwa nini

Kabla ya wafalme kulikuwa na koo. Wagondi wa msituni walilima kwa kufyeka na kuchoma, wakahama udongo ulipochoka, na kila ukoo ulikuwa na mkuu wake aliyejulikana na watu wake kwa uso na kwa nasaba. Koo zilizopata nguvu zilijenga boma au ngome juu ya kilima na kuzisimamia nchi zilizolizunguka. Ngome pamoja na nchi yake ndiyo iliyoitwa garh.

Ufalme ulipokua, haukuvunja mpangilio huu, uliutumia. Kila garh ilibaki chini ya ukoo fulani. Ndani yake iligawanywa katika mafungu ya vijiji 84, yaliyoitwa chaurasi, na kila chaurasi ikagawanywa katika mafungu ya vijiji 12, yaliyoitwa barhot. Hesabu hizo bila shaka hazikuwa kamili kila mahali, maana msitu haugawanyiki kwa rula, lakini mfumo unaonekana wazi: kijiji kinamjua mkuu wa barhot, barhot inamjua mkuu wa chaurasi, chaurasi inamjua mkuu wa garh, na mkuu wa garh ndiye anayemjua mfalme. Kodi ilipanda kwa njia hiyo, na askari nao walishuka vitani kwa njia hiyohiyo, kila mmoja nyuma ya mkuu wa ukoo wake.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata. Garh ni nchi kamili kwa udogo wake. Ina ngome, vijiji, kodi, askari na kiongozi. Ukimpata mkuu wake, awe kwa upanga au kwa ndoa au kwa zawadi, umepata nchi nzima siku hiyohiyo bila kuhitaji makarani wala maliwali. Na ukimpoteza, umepoteza nchi nzima siku hiyohiyo.

Aman Das anakuwa Sangram Shah

Mtu aliyezikusanya ngome ni Aman Das, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 16. Abul Fazl, mwandishi wa baraza la Akbar, mfalme wa dola kubwa ya Mughal iliyotawala kaskazini mwa India, anasema Aman Das alikuwa mtoto mkorofi aliyemuua baba yake, Arjun Das, ili akalie kiti. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya mshindi kuhusu nyumba aliyoishinda. Lisilopingwa ni kwamba alirithi ngome chache kuzunguka Garha na Mandla, na jadi ya nyumba yake inamhesabia ngome 52 kufikia mwisho wa enzi yake. Nchi hiyo ilienea kutoka bonde la Narmada kaskazini hadi Sagar na Damoh, na magharibi hadi upande wa Bhopal.

Mapema katika miaka ya 1530 alimsaidia Sultani Bahadur Shah wa Gujarat katika vita vya Raisen, na Abul Fazl anasema kwa ajili hiyo sultani akamtunukia jina la Sangram Shah. Hilo ndilo alilojulikana nalo baadaye. Alipiga sarafu za dhahabu, jambo ambalo chifu wa msituni halifanyi. Afanyaye hivyo anawaambia majirani kwamba yeye ni mfalme kama wao. Kwenye sarafu hizo alijitaja kuwa wa ukoo wa Pulastya. Katika masimulizi ya Kihindu Pulastya ni babu wa Ravana, mfalme wa Lanka aliyepigana na Rama, na Wagondi wengi walimdai Ravana kuwa mzee wao. Kwa hiyo mfalme huyu alivaa vazi la kifalme la India yote, huku akiandika juu yake nasaba ambayo Wagondi wenyewe wangeitambua. Naona ustadi mkubwa hapo. Waliomfuata hawakuwa nao.

Mali ilitoka wapi? Ardhi ya bondeni ilitoa nafaka, lakini kilichoitajirisha Garha kuliko jirani zake ni tembo. Wagondi waliwanasa tembo wa msituni, wakawafuga, wakawauza kwa falme za tambarare. Katika India ya wakati huo tembo wa vita alikuwa silaha, cheo na hazina kwa pamoja: alibomoa malango, alibeba amiri jeshi, na mfalme alihesabiwa ukuu kwa idadi yao zizini. Kumbukumbu za utawala wa Akbar zinasema wakulima wa Garha walilipa kodi kwa sarafu za dhahabu na kwa tembo. Sijui ufalme mwingine wa enzi hiyo ambao kodi yake ingemfanya jirani mwenye nguvu akose usingizi kiasi hicho.

Ndoa ya 1542

Utajiri ulileta hamu ya heshima, na heshima kaskazini mwa India ilikuwa mikononi mwa Warajput, koo za kivita na za kifalme, na Wabrahmani, tabaka la makuhani. Wafalme wa Garha wakawapa Wabrahmani ardhi, nao wakaleta ibada, maandishi na nasaba. Kilele cha safari hiyo kilikuwa mwaka 1542, Dalpat Shah, mwana wa Sangram Shah, alipomwoa Durgavati, binti wa Salbahan, mfalme wa Wachandel. Wachandel ndio waliojenga mahekalu ya Khajuraho karne nyingi kabla. Sasa walikuwa wamefilisika, na Abul Fazl anasema bila kuficha kwamba Salbahan alimtoa binti yake kwa Mgondi kwa sababu ya shida.

Faida ya ndoa hiyo ilikuwa kubwa, na bora yake ilikuwa Durgavati mwenyewe. Gharama yake haikuonekana mapema. Nyumba ya kifalme ilianza kuoa kwingine na kula kwingine, huku ikisali kwa namna nyingine na kutafuta sifa kwa watu wasiojua jina hata moja la wakuu wa garh. Kabla ya hapo mfalme alikuwa mkuu wa ukoo aliyewazidi wenzake. Baada ya hapo alikuwa mtu wa tabaka lililodai kuwazidi kwa damu. Sisemi kwamba koo ziliasi kwa sababu hiyo. Hakuna dalili ya uasi mkubwa. Nasema uzi uliozifunga koo na kiti ulikuwa wa undugu, na nyumba ya Garha iliulegeza kabla haijapata uzi mwingine wa kuufungia ufalme.

Miaka ya Durgavati

Dalpat Shah alifariki karibu mwaka 1550, akimwacha mwana wa miaka 5, Bir Narayan. Durgavati akashika hatamu kwa niaba ya mtoto, akisaidiwa na mawaziri wawili, Adhar, wa tabaka la makarani, na Man, Mbrahmani. Wala mmoja hakuwa Mgondi wa ukoo wenye garh, na hilo si jambo la kupita tu.

Alihamishia makao kwenye ngome ya Chauragarh, juu ya milima ya Satpura, mahali pagumu kufikika. Baz Bahadur, sultani wa Malwa upande wa magharibi, alidhani nchi ya mjane ni nchi ya kuchukuliwa. Alishambulia, akapigwa, akarudi kwao na aibu. Jabalpur hadi leo ina mabwawa yanayohusishwa na enzi ile: Ranital, bwawa la malkia, na Adhartal, la waziri wake. Kila bwawa ni shamba lililopata maji na wakulima walioacha kuhama, na kodi ikafuata nyuma yao. Abul Fazl, ambaye hakuwa na sababu ya kumpamba, anamsifu kwa ujasiri, hekima na ukarimu, na anasimulia kwamba akisikia chui milia ametokea, hakunywa maji mpaka awe amempiga.

Mwandishi huyohuyo anatupa takwimu ambayo naithamini kuliko sifa zote hizo. Wamughal waliisifu Garha kuwa na vijiji 70,000, hesabu ambayo mimi naichukua kama sifa tu, maana mshindi hupenda alichoshinda kionekane kikubwa. Lakini akieleza utawala wa malkia, anasema kati ya vijiji 23,000 vilivyolimwa, 12,000 vilikuwa na wasimamizi aliowaweka yeye mwenyewe, na vilivyobaki vilikuwa chini ya wakuu waliomtii. Ukizipunguza hesabu hizo hata kwa nusu, uwiano unabaki na maana yake. Durgavati alikuwa akijenga dola ya aina nyingine juu ya ile ya Sangram Shah: dola ya wasimamizi wanaotumwa, kando ya dola ya koo zinazotii. Alikuwa amefika katikati. Kodi ya zaidi ya nusu ya nchi ilikwenda moja kwa moja Chauragarh, na hazina ikafurika. Jeshi lakini lilibaki la koo. Alikuwa na sifa ya kuweza kuwaita wapanda farasi 20,000, na neno la kushika hapo ni kuita: walikaa makwao, na ilibidi waje.

Hapo ndipo ninapopaona palipokuwa na udhaifu. Mali ilikuwa imekusanywa mahali pamoja, nguvu ya kuilinda ikiwa imetawanyika katika ngome 52.

Juni 1564

Wamughal waliiteka Malwa katika miaka ya 1561 na 1562, na Baz Bahadur, jirani mkorofi lakini aliyekuwa kizuizi, akakimbia. Ghafla Garha ikapakana na dola kubwa pande mbili. Kaskazini, liwali wa Kara alikuwa Asaf Khan, mtu mwenye tamaa na bidii. Alipeleka wapelelezi na wafanyabiashara wazoefu ndani ya Garha wajue njia zake na mapato yake. Waliporudi na habari za hazina na tembo, uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika. Akbar mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 21, na hakuna kosa la Durgavati linalotajwa isipokuwa kwamba hakuja kusujudu.

Asaf Khan aliingia na wapanda farasi 10,000. Habari zilimfikia malkia akiwa na watu wasiozidi 500. Adhar alimweleza kwamba askari wametawanyika kwenda kuzitazama familia zao. Wapo wasimulizi wanaowaita waoga. Mimi siwaiti hivyo. Askari wa ukoo anapigania kwao kwanza, na adui anapoingia nchini, kwao ndiko anakokukimbilia. Ndivyo jeshi hilo lilivyoundwa. Lingeweza kumshinda Baz Bahadur likiwa na muda wa kukusanyika. Halikuweza kukutana na farasi waliokwisha kuvuka mpaka.

Malkia alijiondoa hadi Narrai, bonde lenye milima pande zote na mito ya Gaur na Narmada karibu, mahali ambapo wingi wa farasi haukusaidia sana. Huko watu wake wakafika kama 2,000. Mapigano yalianza kwenye mlango wa bonde, ambako kamanda wake wa tembo aliuawa akiulinda. Durgavati akaingia mwenyewe. Siku hiyo Wamughal walirudishwa nyuma, wakipoteza watu wapatao 300.

Usiku ule ndio uliokata shauri, kuliko asubuhi iliyofuata. Malkia aliwaita wakuu, akashauri wamshambulie adui gizani kabla hajaleta mizinga. Aliwaeleza wazi kwamba kukipambazuka, Asaf Khan mwenyewe ataushika mlango wa bonde na kuukaza kwa mizinga. Wakuu wakakataa. Na kukataa kwao kulikuwa mwisho wa mjadala, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuwalazimisha: walikuwa watu wa koo zao, waliokuja kwa hiari yao na wangeweza kuondoka vilevile. Amiri jeshi wa Kimughal angetoa amri. Malkia wa Garha alitoa ushauri.

Asubuhi ikawa kama alivyosema. Mizinga ilikuwa imepandishwa hadi mlango wa bonde. Alipanda tembo wake, Sarman, akaongoza. Bir Narayan, aliyekuwa kijana wa miaka 19 hivi, aliwasukuma Wamughal nyuma mara tatu, kisha akajeruhiwa na kuondolewa vitani kwa amri ya mama yake. Wengi wakamfuata, na waliobaki na malkia walikuwa kama 300. Mshale ukampiga kipajini, akaung'oa. Mwingine shingoni, akaung'oa pia, kisha akazirai. Alipopata fahamu na kuona vita vimepotea, alimwomba mwendesha tembo wake amuue asije akatekwa. Yule mtu alisema mkono wake hauwezi. Alikuwa tayari kumtoa pale kwa tembo aendaye mbio. Durgavati akachukua jambia na kujiua.

Yote haya tunayapata kwa Abul Fazl, aliyekuwa mtoto wa miaka 13 wakati wa vita na aliyeandika miaka mingi baadaye akiwa mtumishi wa Akbar. Namwamini katika hili kwa sababu linamgharimu: linamfanya adui wa bwana wake kuwa mkubwa kuliko jenerali wa bwana wake.

Miezi kama miwili baadaye Chauragarh ikaanguka. Bir Narayan alikufa akipigana, na wanawake wa ngome wakachomwa moto ndani kwa desturi ya jauhar, ili wasitekwe. Mlango ulipofunguliwa walikutwa wawili hai, mmoja wao Kamalavati, dada wa Durgavati. Walipelekwa kwa Akbar. Asaf Khan alipata mitungi 101 ya sarafu za dhahabu, vito, na tembo 1,000. Akampelekea mfalme tembo 200, akazificha zilizobaki pamoja na dhahabu, na hazina hiyo ikawa chanzo cha ugomvi wake na Akbar hadi akaasi, kisha akasamehewa.

Je, angesalimu amri?

Swali hili huulizwa, na ni la haki. Ramchandra, mfalme wa Bhatha upande wa kaskazini mashariki, alijisalimisha kwa Akbar, na nyumba yake ikabaki na kiti. Warajput wengi walifanya hivyo na wakatajirika. Durgavati angeokoa maisha ya watu wengi, pamoja na ya mwanawe.

Lakini tazama kilichompata aliyesalimu amri baada yake. Akbar hakuichukua Garha yote. Ilikuwa nchi ngumu kutawala kutoka nje. Alimweka Chandra Shah, ndugu wa Dalpat Shah, juu ya kiti, kwa malipo ya garh 10, zile za upande wa magharibi ambazo baadaye zilikuwa sehemu ya dola ya Bhopal. Hizo ngome hazikutekwa moja moja kwa vita. Zilihesabiwa mezani na kukabidhiwa, kila moja na vijiji vyake, kodi yake na wakuu wake. Hapo ndipo Garha ilipojifunza kulipa kwa garh, na iliendelea kulipa hivyo hadi mwisho. Kwa maoni yangu kusalimu amri mwaka 1564 kungeleta malipo yaleyale kwa damu kidogo zaidi. Si kitu kidogo. Ila kusingebadili mwelekeo.

Kutoka 42 hadi sifuri

Karne mbili zilizofuata nitazipitia haraka, kwa kuwa tukio ni moja linalojirudia. Mwaka 1634 Jhujhar Singh, mkuu wa Wabundela, Warajput jirani wa kaskazini, aliizingira Chauragarh, akamuua mfalme Prem Narayan na kuichukua hazina. Kosa lake lilikuwa kutogawana na Shah Jahan, mfalme wa Mughal. Jeshi la dola, lililokuwa kwa jina chini ya kijana Aurangzeb, likamfukuza kusini hadi msituni, na huko yeye na mwanawe wakauawa na Wagondi.

Hirde Shah, mwana wa Prem Narayan, akahamisha makao mbali zaidi, Ramnagar, kwenye Narmada karibu na Mandla. Alijenga kasri ambalo bado limesimama, akawakaribisha wakulima wa Kilodhi kufungua mashamba mapya, na mwaka 1667 akaweka maandishi ya Kisanskriti yanayoorodhesha wafalme 54 tangu mwanzo. Wanahistoria wanayategemea sana maandishi hayo, nami nayasoma kwa tahadhari. Nyumba iliyopoteza ngome zake inapoandika orodha ndefu ya mababu, inatafuta kwenye nasaba kile ilichokosa ardhini. Majina ya mwanzo hayana ushahidi mwingine wowote.

Mwishoni mwa karne ya 17 Narendra Shah alipambana na wapinzani wa ndani ya nyumba yake. Kwa kibali cha mfalme wa Mughal alilipa garh. Kwa msaada wa Wabundela alilipa garh. Alimlipa garh hata Bakht Buland wa Deogarh, mfalme wa Kigondi mwenzake. Maharaj Shah alipokalia kiti mwaka 1731, zilikuwa zimebaki 29. Mwaka 1742 Peshwa, yaani waziri mkuu wa Wamaratha, dola iliyoinuka magharibi mwa India, alifika Mandla, Maharaj Shah akauawa, na mrithi wake akawekewa kodi ya rupia laki 4 kwa mwaka. Mwaka 1781 Wamaratha wa Sagar walimwondoa mfalme wa mwisho wakaichukua nchi yote. Waingereza waliipokea kutoka kwa Wamaratha mwaka 1818.

Ulinganisho mmoja unanisaidia kuona kwamba haikulazimika kuwa hivi. Kaskazini mashariki, katika bonde la Brahmaputra, Waahom walianza ufalme wao karne ya 13 nao wakiwa watu wa koo. Lakini walizivunja koo kubwa na kuwapanga upya wanaume wote wazima katika mfumo wa zamu za kazi na vita ulioitwa paik, ambao wajibu wake ulikuwa kwa dola. Walitumia bunduki tangu miaka ya 1530. Wamughal waliwashinda mwaka 1662, lakini mwaka 1671 Waahom wakawapiga vibaya huko Saraighat, na ufalme ukadumu hadi karne ya 19. Mfumo wa paik ulikuwa mzigo mzito kwa watu, na sina nia ya kuupamba. Hata hivyo ulimpa mfalme jeshi ambalo lisingeweza kukabidhiwa kwa adui pamoja na ngome, na askari wasiohitaji kushawishiwa usiku wa vita. Durgavati alikuwa amepata miaka 14 tu kwa kazi ambayo Waahom waliifanya kwa karne kadhaa.

Leo Jabalpur ina chuo kikuu chenye jina lake tangu 1983, na serikali ya India ilitoa stempu yake mwaka 1988. Wagondi wanamheshimu kama malkia wao, Warajput kama binti yao. Wakuu wa koo waliokuwa Narrai, waliokaa na waliokataa, hawana chochote chenye majina yao, na mimi naona hasara hapo, kwa sababu historia ya kuinuka na kushuka kwa Garha imo kwao zaidi kuliko kwenye orodha ya wafalme 54. Anayetaka kuichimba angeanza na garh moja: nani aliishika, lini iliingia, ilikabidhiwa kwa nani, na vijiji vyake vilisema nini kuhusu makabidhiano hayo.

Nyumba yenyewe ilibaki na pensheni na vijiji vichache karibu na Jabalpur. Mzee wake mwaka 1857 alikuwa Shankar Shah. Kwake Waingereza walikuta dua ya mashairi aliyomwandikia mungu mke, akimwomba awaangamize wageni, na wakamtuhumu kupanga maasi na askari wa Kikosi cha 52 cha Wenyeji kilichokuwa Jabalpur. Tarehe 18 Septemba yeye na mwanawe, Raghunath Shah, walifungwa kwenye midomo ya mizinga na kuuawa mbele ya watu. Usiku huohuo Kikosi cha 52 kiliasi na kuondoka mjini.